Hatua Elfu Kumi na Moja za Mama

Kazi yangu ni kulinganisha karatasi na mzigo. Nimeifanya Tunduma kwa miaka kumi na minne, katika ofisi ndogo ya wakala wa forodha inayotazama foleni ya malori yanayosubiri kuingia Zambia. Karatasi ikisema saruji, naagiza turubai lifunguliwe, napanda, naiona saruji kwa macho yangu, ndipo naweka sahihi. Madereva hawanipendi kwa hilo. Mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Dada, hata mume wako ulimfungua turubai kwanza?" Wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilipanda nikaangalia.

Naandika haya nikiwa na hasira. Sehemu kubwa ya hasira hiyo ni kwamba kwa miezi minne niliweka sahihi kwenye mzigo ambao sikuufungua, na mzigo huo ulikuwa mama yangu.

Mama anaishi ndani ya Nanyala, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara kuu, kwenye nyumba tuliyozaliwa. Ana kahawa, ana mahindi, ana maharage ya kutosha kula na kuuza kidogo. Ana presha pia, mwaka wa tisa sasa. Baada ya baba kufariki nilijiwekea utaratibu: kila baada ya Jumamosi moja nakwenda. Nikifika, kabla ya chai, nafungua kopo la vidonge lililo juu ya kabati na kuona vimebaki vingapi. Halafu naangalia kadi ya kliniki. Mama alikuwa akinitazama anasema, "Afisa forodha amefika, ficheni mali."

Pasaka iliyopita kaka yangu mkubwa alikuja kutoka Dar es Salaam. Yeye ni mtu wa vitu vipya; simu yake haijawahi kufikisha miaka miwili. Alimletea mama saa janja. Ilikuwa nyeusi, yenye kioo cha mraba, mkanda wa mpira, laini yake ya simu ndani na kitufe chekundu pembeni. Tulikaa barazani, akamfunga mkononi, mkono wa kushoto, akaanza kumfundisha.

"Mama, hii inapima mapigo ya moyo, inapima presha, inajua umelala saa ngapi, inahesabu hatua zako. Kila kitu kinakuja kwenye simu yangu. Ukianguka, bonyeza hapa pekundu, simu yangu inalia kule."

"Na nisipoanguka?"

"Usipoanguka inaendelea kuhesabu."

Mama akaigeuza geuza. "Kwa hiyo kule Dar utakuwa unaniona?"

"Kila siku, mama."

Nilikuwepo, niliona uso wake uliposikia hivyo. Kaka alikuwa hajakanyaga nyumbani kwa karibu miaka miwili. Jirani yetu aliniambia baadaye kwamba wiki nzima ya kwanza mama alikwenda shambani amefunga kitambaa chake cha kanisani kichwani, kwa sababu alidhani mwanawe anamwangalia. Hakuna aliyemweleza kwamba kinachoonekana Dar ni tarakimu.

Nitaisema na sifa yake, maana nataka kuwa mkweli. Majuma ya mwanzo saa ile ilisaidia. Siku moja mapigo ya moyo yalipanda mchana, kaka akapiga simu palepale, akamkuta mama anapandisha ndoo mbili za maji kutoka bondeni. Akamwambia aweke moja chini. Mama akaweka. Mimi nilikuwa nimemwomba jambo hilohilo mwaka mzima na hakunisikia. Nilifurahi. Niliona tumepata jicho.

Kila asubuhi kaka alikuwa akituma taarifa kwenye kundi la familia. "Mama jana: hatua 3,100. Usingizi saa saba. Presha 121/78. Mungu ni mwema." Ndugu wanajibu Amina. Mimi najibu Amina. Halafu zikaanza siku za hatua elfu moja na kitu, na kaka akaanza kumpigia mama kumgombeza. Namjua, hana nia mbaya, lakini ana sauti ya mkuu wa shule. "Mama, unakaa sana. Wenzako wa umri wako Ulaya wanakimbia." Mama akamjibu, "Wanakimbia nini?" Jibu hilo kaka alilituma kwenye kundi tukacheka sote.

Mwezi wa tano hatua zikapanda. Elfu saba. Elfu tisa. Siku moja elfu kumi na moja, na kaka akaweka picha ya kioo chenyewe na alama za ngumi. Akanipigia.

"Mdogo wangu, huna haja ya kujichosha kila mara. Mama yuko vizuri kuliko wewe. Wewe lini umetembea hatua elfu kumi na moja?"

"Na kliniki?"

"Kliniki ya nini? Presha mia moja ishirini kila siku inaonekana hapa. Atakwenda kupanga foleni ya kuambiwa ninachokijua mimi tayari? Hata hivyo vidonge vikizidi navyo vina madhara yake."

Nilikuwa nimesimama kando ya lori la mahindi. Msimu ulikuwa umeanza, foleni imefika mbali, simu ya pili inaita. Nikasema sawa. Nalikumbuka neno hilo na mahali niliposimama nilipolisema. Sawa. Jumamosi zangu nikaziacha, wala sikumuuliza mama kopo lina vidonge vingapi. Nilimpigia simu kila Jumapili, naye alisema, "Sijambo mwanangu, nipo." Maneno yake yalikuwa mazito kidogo, kama mtu aliyetoka usingizini, nikaulaumu mtandao.

Siku niliyofungua turubai ilikuwa Jumatano ya mwishoni mwa mwezi wa nane. Nilikuwa Mlowo, nimetumwa kusimamia upakiaji wa magunia ya mahindi ya mteja wetu. Saa nne asubuhi kaka akatuma ramani kwenye kundi, ina kidoti cha bluu. "Mama yuko Mlowo sokoni! Mtu wa miaka sabini na moja!" Nikafurahi kweli. Nilidhani nitamshtua, nimnunulie soda, tukae tuongee. Nikampigia kaka.

"Yuko upande gani? Na mimi niko hapahapa."

"Kumbe! Nenda kwenye wanunuzi wa maharage. Umeshafika? Kata kushoto. Sasa uko karibu. Uko karibu sana."

"Simwoni."

"Mbona mko sehemu moja? Nyoosha mkono tu utamgusa."

Mbele yangu, hatua mbili, alikuwa ameinama mwanamke akifunga mdomo wa kiroba. Alipoinuka nikamtambua. Ni jirani yetu wa Nanyala, yule ambaye shamba lake linapakana na kahawa ya mama, mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye mwendo wa haraka tangu utoto. Mkononi alivaa saa ya mama.

Akanisalimu kwa Kinyiha kwa furaha tupu, nikajibu, tukarudi kwenye Kiswahili kama kawaida yetu.

"Dada, hiyo saa," nikasema.

Hakuuficha mkono. "Ya mama. Leo nimeamkia mtoni, nikapita shambani, nikaja huku. Atakuwa na hatua nyingi leo."

"Mama yuko wapi?"

"Nyumbani. Ndiye amenituma."

"Amekutuma sokoni?"

"Soko ni langu. Yeye amenituma kutembea."

Simuni kaka alikuwa bado anauliza, "Umemwona? Mpe simu niongee naye." Nikakata.

Yule jirani akanitazama, na nikaona anaanza kuelewa kwamba mimi sijui. Akashusha sauti. "Kwani hajawaambia? Mguu wake huo hautaki, tangu alipoanguka."

"Alianguka lini?"

"Tulipoanza kumenya kahawa. Alikuwa anaanika, akaanguka pale kwenye vichanja. Alikaa chini mpaka nilipopita kumletea maji. Akaniambia ameteleza tu."

"Mbona hakubonyeza kitufe?"

Akainua mkono na kukiangalia kile kitufe chekundu, kisha akanitazama mimi. "Saa nilikuwa nimeivaa mimi, dada. Siku ile nilikuwa huku Mlowo."

Nilimwachia msaidizi wangu magunia. Tulirudi Nanyala pamoja, yeye na kiroba chake kitupu, maharage ameshayauza, mimi na daftari langu la kazi ambalo sikujua nalishika la nini.

Mama alikuwa amekaa mlangoni pa jiko kwenye kigoda, anachambua maharage kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala mapajani. Upande wa kushoto wa mdomo ulikuwa umeshuka kidogo sana, kama mtu anayetaka kutabasamu akasita. Mtu asiyemjua asingeuona. Mimi nilimjua, na nilikuwa sijaja kumwona kwa miezi minne.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Afisa forodha umekuja siku isiyo yako."

Niliingia ndani moja kwa moja nikafungua kopo. Lilikuwa na pini mbili za kushonea na kifungo cha shati. Nikarudi nje nikasimama mbele yake, na aibu yangu ni kwamba nilianza kwa kumgombeza.

"Mama, kwa nini umewadanganya watoto wako?"

Hakukasirika. Alimaliza kwanza kuchambua yaliyokuwa kwenye kiganja. "Nimemdanganya nani? Nikishindwa kwenda msibani huwa namtuma nani?"

"Huyu jirani."

"Akifika pale anasemaje?"

"Anasema umemtuma."

"Na wafiwa wanasema nani amefika?"

"Wewe," nikasema. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu mzima akizidiwa humtuma mwingine na kanga yake mabegani, akakaa msibani kwa niaba yake, akapika, akalia, na hakuna anayesema kwamba aliyetuma hakufika. Wafiwa watamshukuru yeye wakikutana naye. Hilo nimelikuta na sijawahi kulihoji.

"Basi," mama akasema. "Kaka yako anataka hatua. Mimi hatua sina. Nikamtafutia mwenye nazo."

"Ungemwambia tu kwamba umechoka."

"Nilimwambia. Akasema nikaze." Akachukua kiganja kingine cha maharage. "Halafu akawa anapiga simu anacheka. Kabla ya hapo alikuwa ananigombeza kama nimechelewa namba shuleni. Mwenzako nilipenda anavyocheka."

Jirani alikuwa amesimama kando, ameshavua saa na kuishika kwa vidole viwili kama anavyoshikwa panya. "Mimi nilidhani wanajua," akaniambia. "Nilidhani ndiyo mpango wenu."

Hospitali, nilikompeleka siku ileile, walimpima mama kwa kile kipimo cha siku zote, cha kufunga mkononi na kukijaza upepo. Muuguzi alipima, akahamia mkono wa pili, akapima tena, akamwita daktari. Ilikuwa 204 kwa 116. Daktari alimwambia ainue mikono yote miwili, wa kushoto ukashuka wenyewe. Akasema ni kiharusi, kidogo, cha wiki kadhaa zilizopita, na kwamba kikubwa huwa kinafuata mtu akiachwa hivi. Akauliza vidonge viliisha lini. Mama akanitazama mimi. Mimi ninayeandika namba ya kila gari na kila sili inayofunga mzigo, tarehe hiyo sikuijua.

Walipomlaza nilikaa kwenye benchi la nje, na ile saa ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimenunua ndizi, mama akashindwa kula. Sijui ni nini kilinituma, labda ni ule ugonjwa wangu wa kutaka kufungua kila kitu. Nikaifunga saa kwenye ndizi, nikakaza mkanda, nikabonyeza kupima. Ikawaka taa ya kijani, ikazunguka, ikazunguka, ikatoa jibu: mapigo 72, presha 119/77.

Mzee aliyekaa karibu yangu na mguu wenye bandeji alikuwa anaangalia. "Ndizi inasemaje?"

"Mia moja kumi na tisa."

"Basi mruhusu aende nyumbani," akasema. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaongeza, "Ana afya kuliko sisi wote hapa," na benchi zima likacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nilirudia kipimo mara tatu. Ndizi ilikuwa nzima mara zote tatu. Kwa hiyo hata kama mama asingeivua kamwe, hata kama angelala nayo na kuoga nayo, ingeendelea kutuambia mia moja ishirini mpaka siku ya kumzika, na sisi tungeendelea kujibu Amina.

Hatua zilikuwa za kweli. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Hatua zilitembewa, ramani ilikuwa sahihi, kidoti cha bluu kilinifikisha pale palipotakiwa bila kukosea hata mita moja. Kifaa kilijua kila kitu isipokuwa kimefungwa kwa nani, na nambari ya presha ambayo sisi tuliitegemea kuliko zote kilikuwa kinaitunga. Aliyekitengeneza alijua. Aliyekiuza akasema kinapima presha alijua, au hakujali kujua. Boksi lake lilikuwa bado kabatini kwa mama, na nililisoma pande zote sita kama ninavyosoma karatasi za mzigo. Kwa maandishi madogo kuliko chembe ya ulezi paliandikwa kwamba vipimo si vya tiba. Mbele, kwa maandishi makubwa, palichorwa moyo mwekundu na mshale.

Nilimpigia kaka. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyotoa taarifa kazini, kuanzia Mlowo mpaka wodini. Akasema, "Kwa hiyo yule jirani ametuchezea muda wote huu?"

"Yule jirani ndiye aliyemwokota mama chini."

"Lakini alivaa kitu kisicho chake."

"Kaka, sikiliza. Amekuwa akimletea mama maji kila siku. Hayo maji hayakuonekana kwenye simu yako. Aliona mguu, aliona mkono. Wewe uliona nini?"

"Mimi niko mbali. Ningeona na nini? Ndiyo maana nilinunua."

"Mimi niko karibu na sikwenda, kwa sababu ulinunua."

"Usinibebeshe. Kwani nilikufunga miguu?"

Hapo alinipata, na kwa sababu alinipata nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Alikata simu. Kwenye kundi la familia hakukuwa na taarifa asubuhi iliyofuata, wala Amina.

Alikuja baada ya siku tano. Mama alikuwa amesharuhusiwa, yuko nyumbani, vidonge vimepangwa kwenye kopo, na daktari ameagiza atembezwe uani kila asubuhi na jioni. Kaka alishuka na begi dogo. Nilipokuwa namtafutia taulo nikaona ndani ya begi boksi jingine, jipya, lina moyo mwekundu na mshale. Nilitoka nalo nje.

"Hii ya nini?"

"Hiyo ni bora. Mkanda wake una kufuli. Hauvuliki bila ufunguo."

Nilimwangalia kuona kama anatania. Hakuwa akitania. Alikuwa amesafiri usiku kucha, macho mekundu, na alikuwa ameleta ufunguo wa kumfungia mama yake mkono. Nililirusha lile boksi kwenye rundo la maganda ya kahawa, na hakwenda kuliokota. Jirani, aliyekuwa anatua ndoo, alijifanya haoni.

Mama alisikia kila kitu kutoka mlangoni. Akasema tu, "Mkimaliza, nataka kusimama."

Kaka akaenda. Alikuwa hajamwona akisimama tangu Pasaka. Alimwona akiusogeza mguu wa kushoto kwa kuuvuta na kiuno, akauona mkono unavyoning'inia. Akampa fimbo, akarudi nyuma kidogo, na nadhani hakujua lingine la kufanya, maana alianza kuhesabu kwa sauti.

"Moja, mama. Mbili. Vizuri. Tatu. Nne, kaza kidogo."

Walivuka ua hivyo, polepole, kupita vichanja, mama mbele na fimbo, yeye kando amekunja mikono nyuma. Alipofika kumi na tisa, mama alisimama. Alikuwa anahema.

"Acha kuhesabu," akamwambia. "Nishike."

Akamshika, kwanza kwa woga, kisha kiunoni kwa mkono mzima, na wakaendelea kimya kuelekea kwenye uzio wa jirani. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba kigoda, ili akichoka akae. Hasira yangu haikuwa imepungua, na bado haijapungua. Nilimtazama kaka mgongoni nikitafuta neno la kumchoma, ndipo nikagundua kwamba midomo yangu nayo inacheza. Nilikuwa nimefika ishirini na sita.